Herufi ya Asubuhi Uani

Katika nyumba ile ya Nyamisangura tulipanga vyumba vitano, na kila asubuhi tulipofungua milango tulikuta herufi uani. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshafagia, na kwa mpini wa jembe ameshachora herufi moja kubwa vumbini, kuanzia mlango wa jiko hadi karibu na choo. Hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga mpaka binti yangu Bhoke aamke, atoke miguu mitupu, aitembee kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake huku akiitamka. Sisi watu wazima, wenye haja zetu za asubuhi, tulipita pembeni tumebana ukuta. Siku moja niliiruka k nikiwa na ndoo ya maji machafu, mama mwenye nyumba akasimama mlangoni kwake akinitazama miguu.

"Umegusa mkia wake," aliniambia. "Mrudishie."

Nikaweka ndoo chini, nikachuchumaa, nikairudishia k mkia wake kwa kidole. Mwanamke mzima, mwenye kibanda changu cha vitenge sokoni, watu wananiheshimu.

Sitamtaja jina, kwa sababu pale nyumbani hakuna aliyemtaja. Wapangaji tulimwita mama mwenye nyumba, watoto walimwita Bibi, na yeye aliitikia yote kwa uso uleule usiocheka. Msidhani alikuwa bibi mtamu wa kusimulia hadithi na kugawa karanga. Bomba la uani alilifunga kwa kufuli saa tatu asubuhi, na aliyechelewa kuteka alijua mwenyewe. Sufuria yangu iliyolala bila kuoshwa niliikuta nje ya geti. Alikuwa na jicho la kuona tone la maji linalomwagika bure kutoka upande wa pili wa nyumba. Halafu huyohuyo, mchana, utamkuta amemtobolea Bhoke chupa ya plastiki kwenye kizibo, amemjazia maji yaleyale tunayonyimwa, na mtoto anaandika ukuta mzima wa jiko kwa maji. Niliwahi kumuuliza kama maji yale hayana thamani. Akasema, "Hayo hayamwagiki. Yanaandika."

Inabidi nieleze habari za Bhoke, la sivyo hamtaelewa kwa nini ninamstaajabia mama huyu mpaka leo. Alipokaribia miaka miwili mtoto wangu alishikwa na degedege. Alipona, hospitali wakasema hana tatizo, lakini maneno machache aliyokuwa nayo yaliondoka na homa. Akafika miaka mitatu na nusu akisema "maji", "hapana", na jina lake. Baba yake ni dereva wa hoteli moja ya watalii karibu na geti la Ikoma, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama mkwe wangu anaishi hukohuko Ikoma. Mwisho wa mwezi mmoja mume wangu alikuja akaniambia wameshazungumza na mama yake: mtoto ajaribiwe shule ya awali, na kama hawatamchukua, Januari aende kwa bibi yake akakomae huko, asiendelee kukaa na mama anayeshinda sokoni. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga mzigo kwenye gari. Nilijua mtoto akienda Ikoma hatarudi mikononi mwangu kabla hajawa msichana, na ni kweli nilikuwa ninashinda sokoni.

Kabla ya hapo Bhoke alishinda na mwenye nyumba, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nikirudi jioni ninamkuta amekaa kimya kwenye kigoda jikoni. Siku moja mama yule alikuwa anachambua maharage, mtoto akachukua yaliyotupwa akaanza kuyapanga: mawili, mawili, mawili, hadi ukutani. Mwenye nyumba alichukua moja kutoka katikati akalificha kiganjani. Bhoke akatazama mstari, akatazama ule mkono uliofungwa, akaufungua kidole kwa kidole, akatoa harage lake akalirudisha.

Jioni ile mama alinifuata chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kugomba. "Mtoto wako si bubu," alisema. "Anasubiri jambo la maana la kusema. Kesho usimfunge viatu."

Ndivyo ilivyoanza ile herufi ya asubuhi. Alianza na o, kwa sababu alisema o haina mwisho na mtoto hatajiuliza asimame wapi. Bhoke alizunguka duara lile mpaka akalewa, akaanguka, akacheka. Siku ya tatu akaanza kuitoa sauti yake, ooo, akizunguka, na mimi nikiwa ninapiga mswaki nilisimama na povu mdomoni. Nilikuwa sijasikia sauti ya mwanangu ikiwa ndefu namna ile kwa zaidi ya mwaka. Nililia palepale, na mwenye nyumba akaniambia nikalilie bafuni nisimchanganye mtoto.

Mvua ikinyesha, herufi ilihamia jikoni. Alikuwa na sinia kuukuu alilolimwagia jivu lililochungwa, mtoto anaandika kwa kidole. Akikosea, mama alilitikisa sinia kidogo, jivu likalala sawa. "Jivu limesahau," anasema. "Andika tena." Sikuwahi kumsikia akimwambia Bhoke kwamba amekosea. Mtoto akigeuza b kichwa chini, yeye alisema, "Hiyo ni yako. Sasa nionyeshe yangu." Ugali uliobaki aliufinyanga m na n, na hailiwi mpaka itajwe. Ganda la chungwa alilimenya bila kulikata, likashuka lote kama s, akalitundika msumarini. Vibanio vya nguo vilikuwa vya kuhesabia: kabla ya kuanika shati, Bhoke alipaswa kusema linahitaji vingapi, kisha ahakikishe. Nguo zetu sote wapangaji zilianikwa kwa kuhesabiwa, na soksi iliyobanwa kwa vibanio vinne ilikuwa soksi ya somo la namba nne.

Na mdako. Alikuwa na mawe madogo laini ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, yamefungwa kwa kitambaa. Aliyatoa mchana, akakaa chini miguu amenyoosha, akarusha moja juu na kuyachota mengine kabla halijashuka, mkono wa mwanamke wa zaidi ya miaka sabini ukienda haraka kuliko macho yangu. Alimfundisha Bhoke kurusha na kudaka, lakini kujumlisha na kutoa alimfundishia kwa maharage au vizibo vya soda. Mawe yale yalichezewa tu. Yakimaliza kuchezwa, yalirudi kwenye kopo, na kopo likarudi juu ya kabati.

Nakiri niliona wivu. Nikaenda dukani nikanunua chati ya herufi yenye picha za rangi, nikaibandika ukutani chumbani, nikachukua kijiti. "Hii ni nini? Sema. Hii ni nini?" Bhoke alinitazama, kisha akaingia chini ya kitanda. Nilimvuta, akang'ang'ania mguu wa kitanda, nikapandisha sauti mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mwenye nyumba alikuja akaangalia ile chati kwa heshima zote, kama mtu anavyoangalia picha ya mgeni. "Nzuri," alisema. "Lakini umezitundika. Mtoto hawezi kuzishika." Akapiga magoti, akatelezesha mkono chini ya kitanda na kuanza kuandika sakafuni kwa ukucha. Baada ya muda nikasikia kutoka chini kule sauti ndogo ikisema, "Aaa. Aaa." Nilijiona mjinga, na wakati huohuo nilitaka kumpigia magoti yule mama.

Alisoma mpaka darasa la ngapi? Nilimuuliza mara moja. "Mpaka waliponitoa," alijibu, na nikaelewa mlango umefungwa.

Kuna jambo moja la kwake ambalo mwanzoni tulilichukulia kama vituko vya uzee. Mama huyu, aliyehesabu vibanio, mitungi, vijiti vya kiberiti na hatua za kwenda bombani, hakuhesabu watu. Wala hakuhesabu ng'ombe wanaopita barabarani kwenda mnadani. Huku kwetu wazee wengi wako hivyo. Ng'ombe hanyooshewi kidole akaitwa namba, na mtoto vivyo hivyo, unamwitia mabaya. Wengi wetu vijana tumeacha, tunacheka. Yeye hakuacha. Saa mbili usiku, kabla ya kufunga geti, alipita milangoni akisikiliza. "Mwenye kikohozi yupo. Mwenye redio yupo. Wa kandambili bado." Akamsubiri wa kandambili. Karani wa sensa alipokuja kuuliza nyumba ina watu wangapi, alimwambia, "Ingia uwaone," akamletea kigoda. Yule kijana alikaa mpaka jioni akitusubiri mmoja mmoja turudi kutoka kazini.

Bhoke aliuliza siku moja, kwa sababu sasa alikuwa ameanza kuuliza: "Bibi, sisi ni wangapi?"

"Watu hawahesabiwi," alimjibu. "Watu wanajulikana. Nitajie."

Akamtajia wote, hadi mtoto mchanga wa chumba cha mwisho. Nilisikia, nikaona ni jambo zuri, nikaendelea kukunja vitenge vyangu. Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, na hakuna aliyeliona.

Shule tuliyoichagua ilikuwa ya awali, ya watu binafsi, yenye sare ya zambarau. Siku ya usaili nilimpaka Bhoke mafuta mpaka akang'aa. Mwalimu alikuwa dada mpole, mgeni mkoani kwetu, anayezungumza taratibu. Alimpa herufi, mtoto akazitaja kwa sauti zake zote, hata akashuka kwenye kiti kuitembea r sakafuni. Mwalimu akacheka, mimi nikacheka. Kisha akafungua kitabu kwenye ukurasa wenye picha ya ng'ombe malishoni.

"Haya mama, hapa kuna ng'ombe wangapi?"

Bhoke alitazama picha. Akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Wangapi? Tuhesabu pamoja? Moja..."

Bhoke akafumba mdomo. Mwalimu akafungua ukurasa mwingine, picha ya watoto wanaoruka kamba. Ikawa vilevile. "Nyumbani mko wangapi?" Mtoto akaanza kutaja majina, mwenye kikohozi, mwenye redio. "Namba, mama. Nipe namba." Mwalimu akasubiri, kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake. Aliniambia kwa upole kwamba mtoto ni mzuri wa herufi lakini hesabu bado kabisa, na darasa halina nafasi za kubahatisha, tujaribu mwaka unaofuata.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nilivyomkuta mwenye nyumba anachambua mtama, nikamwambia maneno ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kumwambia. Nilimwambia mila zake zimemfukuzisha mtoto wangu shule. Nilimwambia Januari Bhoke anakwenda Ikoma, na ni yeye amempeleka. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Hakujitetea, hakunifukuza. Aliuliza tu, "Mwalimu yuko shuleni saa ngapi?"

Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunika, ambavyo sikujua kama anavyo, akamshika Bhoke mkono. Mimi nilifuata nyuma kama mtoto wa pili.

Mwalimu alimwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kurekebisha. Naomba kile kitabu."

Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakafika kifuani, akaweka kitabu juu yake na kukifungua kwenye ng'ombe. Bhoke akaanza kurudisha mikono nyuma.

"Nusa," mama alimwambia.

Bhoke akamtazama.

"Ng'ombe unamjua. Tumepita zizini mara nyingi. Anavyonuka unajua. Nusa hapa."

Mtoto akainamisha pua mpaka kwenye karatasi.

"Kinanuka nini?"

"Kitabu."

"Wametoa mavi?"

"Hapana."

"Basi si ng'ombe. Ni karatasi. Karatasi inahesabiwa. Hesabu karatasi, Bibi asikie."

Bhoke akatoa mikono. Akahesabu ng'ombe wote wa ukurasa ule, kisha bila kuambiwa akahesabu pembe, miguu, na mikia, na palipokuwa na mkia mmoja uliofichwa na mti akasema upo, ila umejificha. Mwalimu aliiacha kalamu yake mezani. Nilikuwa nimeegemea mlango. Mbinu za kufundishia nimeziona nyingi tangu siku ile, lakini sijaona mtu akifungua kifungo kwa mkono laini namna ile.

Kisha wakafika kwenye ukurasa wa watoto wanaoruka kamba. "Hao pia karatasi," mama alisema. Ila safari hii, Bhoke alipoanza kuhesabu, yeye aligeuza uso akatazama dirishani mpaka mtoto akamaliza.

Bhoke alipewa nafasi. Wakati wa kurudi nilimwomba msamaha, nikasema maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Tulipofika kwenye mteremko alisimama kupumzika, akamtuma Bhoke atangulie kidogo kuhesabu nguzo za umeme.

"Nilikuwa mke kijana," alisema. "Nesi wa kliniki aliniuliza nina watoto wangapi. Nikajibu kwa majivuno. Nikanyoosha hivi." Alinyoosha vidole vyote vya mkono mmoja, na kimoja cha mkono wa pili. "Msimu wa mvua zilezile surua ikapita kwetu. Ikachukua wawili."

Nilitaka kusema kitu kuhusu surua. Akanitangulia.

"Najua ni surua. Chanjo ilikuwa haijafika kwetu. Ninajua, mama Bhoke, sihitaji kufundishwa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umetangulia. Tangu hapo sijawataja kwa namba. Nikisema wanne, nimewatupa wale wawili. Nikisema ile nyingine, naogopa kwa waliobaki." Alitengeneza kitenge chake. "Mtoto amefika nguzo ya ngapi?"

Baba Bhoke alipokuja mwisho wa mwezi, binti yake alimsomea maandishi ya mfuko wa unga, u-nga, kisha akamwambia ana vifungo vitano vya shati na kimoja kimekatika. Alikaa kitandani akiwa ameshika kile kifungo kilichokatika. Habari ya kwenda Ikoma haikutajwa tena, na ilipofika Januari mtoto alivaa zambarau.

Mwaka uliofuata miguu ya mwenye nyumba ilianza kumsumbua, mwanawe mmoja akaja kumchukua kwenda Kisaka kwa ndugu zake. Siku ya kuondoka alifagia uani kwa mara ya mwisho na hakuandika kitu. Bhoke aliamka, akasimama mlangoni miguu mitupu, akaona vumbi tupu. Akachukua jembe mwenyewe.

Tulimtembelea likizo iliyopita. Bhoke yuko darasa la pili, anazungumza mpaka ninamwomba apumzike. Tulimkuta bibi amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, macho yamefunikwa na ukungu, lakini akachukua mkono wa Bhoke na kusema, "Huyu anayetembea o." Bhoke alimwandikia herufi kiganjani kwa kidole, moja moja, naye akazitaja zote. Alipoandika b akaigeuza makusudi. "Hiyo ni yako," bibi alisema, na wote wawili wakacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo.

Baadaye aliomba kopo lake. Alifungua kile kitambaa, akamwaga yale mawe ya mdako kwenye mkeka. Nilidhani wanataka kucheza. Vidole vyake vikayatafuta, likatangulia moja, akaliweka mbele ya Bhoke.

"Huyu Wambura. Yuko Musoma." La pili. "Gati. Ndiye huyu aliyenileta huku." Akaendelea, mmoja na mji wake, mmoja na kazi yake. Alipofika kwenye mawili madogo zaidi alikawia. "Nyamhanga. Meno ya mbele yalikuwa yameanza kutoka. Na huyu Marwa, alikuwa akilia nikitoka tu mlangoni."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mawe yale hayakuwahi kuwa ya hesabu. Nilikuwa nimeyaona yakirushwa juu na kudakwa mbele yangu kila mchana niliokuwa nyumbani, na hakuna siku aliyoliacha hata moja lianguke.

"Sasa hesabu," bibi alisema.

Bhoke alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Alichukua jiwe moja, akalipeleka puani taratibu.

"Linanuka mafuta, Bibi," alisema. "Si mtu. Ni jiwe tu. Jiwe linahesabiwa."

Nilishika mdomo wangu. Mtoto alikuwa anamfungulia ule mlango aliofunguliwa yeye.

"Hapana, mjukuu wangu," bibi alisema. "Hawa ni watu. Ni wanangu. Hesabu."

Bhoke akaweka mikono nyuma ya mgongo. Bibi akapapasa mpaka akaupata mmoja, akauvuta mbele, akakishika kidole chake cha shahada na kukiweka juu ya jiwe la kwanza. Wakaenda pamoja, sauti mbili, moja nyembamba na moja ya kukwaruza, hadi jiwe la mwisho.

"Sita," Bhoke alisema.

"Sita," alisema bibi.

Akainamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza milangoni kwetu kabla ya kufunga geti. Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya nyumba. Gati alikuwa anapasua kuni.

"Niwarudishe kwenye kopo, Bibi?"

"Bado," alisema. "Tena."